Nani Aliyewapaka Magoblini Rangi ya Kijani?

Mwalimu wetu wa somo la uandishi alitupa kazi moja mwanzoni mwa muhula: kila mwanafunzi achague kitu kinachoenea kiganjani, kisha aandike historia yake kwa Kiswahili. Wenzangu walichagua sarafu, ufunguo, punje ya kahawa. Mimi nilichagua goblini mwenye urefu wa milimita 10. Darasa lilicheka, nami sikushangaa. Wengi hawakujua goblini ni nini, na wachache waliojua hawakuona historia ingetoka wapi.

Magoblini hao waliletwa Kampala na binamu yangu anayefanya kazi Nottingham, Uingereza. Aliwakuta katika duka la vitu vilivyotumika, ndani ya boksi la viatu, akadhani ni vinyago vya kumfaa mdogo wangu. Havikuwa vinyago vya mtoto. Vilikuwa vipande vya madini meupe, kila kimoja kikiwa na magoblini watano waliosimama bega kwa bega na mikuki yao, wamesubiwa pamoja kama meno ya kitana. Nilihesabu vipande 36, yaani magoblini 180, wote hawajaguswa na rangi. Mchezo waliotengenezewa unaitwa Warmaster, uliotungwa na Rick Priestley na kutolewa mwaka 2000. Ni mchezo wa vita vya mezani: majeshi mawili ya sanamu, rula ya kupimia mwendo, na dadu za kuamua nani anaanguka.

Nilikwenda barabara ya Nasser nikanunua rangi sita na brashi nyembamba kuliko zote zilizokuwepo. Jioni hiyo nilipaka vipande sita. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Bukavu, alikuwa kitandani akisoma. Aliinuka, akaja mezani, akaangalia kwa muda.

"Yaya," akasema (kwao yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto), "juu ya nini unawapaka rangi yetu?"

Nilitazama. Magoblini 30, pua kubwa, meno nje, macho ya hila, miguu peku, na wote kahawia kama mkono wangu ulioshika brashi. Sikuwa nimekusudia lolote. Nilitaka rangi ya ngozi, nikachukua iliyo karibu. Nilipomwambia hivyo, alijibu kwamba wadogo zake huwaona hao hao kwenye michezo ya simu na wao ni wa kijani, kila mtu anajua ni wa kijani. Nikajiuliza: tangu lini? Na nani aliamua? Insha hii ni jibu langu kwake.

Kwanza nimalizane na jina. Kamusi zinatupa zimwi, jini, pepo na kibwengo. Zimwi wa hadithi zetu ni mkubwa na humeza watu wazima wazima. Jini ana ukoo na dini yake, na mara nyingi ana heshima zake. Kibwengo ndiye wa karibu zaidi, lakini yeye ni pepo. Ni vigumu kumfikiria akivaa kofia ya chuma na kupanga mstari vitani. Goblini wa Ulaya ni mdogo, mwovu kwa namna ya kuchekesha, anakaa chini ya ardhi, na neno lenyewe liliingia Kiingereza katika Zama za Kati kutoka Kifaransa. Nitamwita goblini, kama tulivyokwisha kumwita daktari daktari.

Sanamu ndogo za askari zilikuwepo muda mrefu kabla goblini hajaingia jeshini. Katika miaka ya 1770 fundi wa bati wa Nuremberg, Johann Gottfried Hilpert, alikuwa akisubu askari bapa, wembamba kama sarafu. Kalibu ilichongwa kwenye jiwe, bati likamiminwa, na kazi ya rangi ikapelekwa majumbani. Biashara hiyo ilipokua, wapakaji walikuwa zaidi wanawake na watoto, wakilipwa kwa kila kipande. Majina yao hayamo vitabuni. Nilipokuwa nimeinama mezani usiku, shingo ikiuma, niliwafikiria hao kuliko nilivyomfikiria Hilpert.

Huko Prussia mchezo ukawa kazi ya serikali. Baron von Reisswitz alimwonyesha mfalme mchezo wake wa vita mwaka 1812, na mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, akautoa upya kwa matumizi ya jeshi, ukichezwa juu ya ramani kwa vibao vidogo. Vibao vya Prussia vilikuwa bluu, vya adui vyekundu. Adui hapo hana uso. Ni kipande chekundu tu, na kesho ofisa yuleyule anaweza kupangiwa kuongoza upande wa wekundu.

Uso ulirudi kwa nguvu mwaka 1893, pale kampuni ya William Britain ya London ilipobuni njia ya kusubu askari wa risasi wenye uwazi ndani. Madini kidogo, bei ndogo, na ghafla watoto wa Uingereza wakawa na majeshi kabatini. Wengi walikuwa vikosi vya Waingereza wenyewe na sare zao nyekundu. Lakini mtoto hawezi kupigana peke yake, anahitaji adui, na dola ile ilikuwa na maadui wengi wa kuchagua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Britains waliuza Wazulu: weusi, miguu peku, wakikimbia na mikuki na rungu. H. G. Wells alipotoa kitabu chake *Little Wars* mwaka 1913, ambacho wachezaji wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa burudani hii, watu walipigana sakafuni kwa askari wa aina hiyo na vimizinga vya springi vilivyorusha vipande vya mti. Mwaka mmoja baadaye vita ya kweli ikaanza.

Nawaomba wasomaji wamkumbuke yule Mzulu wa risasi. Umbo lake ndilo nililolikuta kwenye boksi la viatu: kundi kubwa, silaha duni, miguu wazi, anakimbia kuelekea kwenye mstari wa walionyooka. Sisemi kwamba aliyechonga goblini alimnakili Mzulu. Nasema tu kwamba nafasi ya kundi lisilo na majina, linalokuja kuuawa kwa wingi, ilikuwa wazi mezani tangu zamani, na kila kizazi kiliamua nani aijaze.

Goblini alifika kwenye nafasi hiyo kwa njia ya vitabu. Mwaka 1872 George MacDonald alichapisha *The Princess and the Goblin*, hadithi ya watoto yenye magoblini wanaoishi migodini, wasiovumilia nyimbo na wenye miguu laini. Ukitaka kuwashinda, wakanyage. J. R. R. Tolkien aliisoma na kukiri kwamba ilimwathiri, ila ile miguu laini, alisema, hakuwahi kuiamini. Katika *The Hobbit*, mwaka 1937, magoblini wake wana jeshi kamili lenye wapanda mbwamwitu. Nilikipekua kitabu nikitafuta kijani kwenye ngozi zao, sikukipata. Rangi nilizozikuta ni za bendera: nyeusi na nyekundu.

Katika *The Lord of the Rings*, kilichotoka kati ya 1954 na 1955, viumbe hao wanaitwa zaidi maorki, na hapo ngozi inatajwa: weusi, au umanjano wa mgonjwa. Mwaka 1958, akikosoa muhtasari wa filamu uliopendekezwa, Tolkien alieleza kwa barua namna maorki wanavyopaswa kuonekana: wafupi, wapana, pua bapa, midomo mipana, macho ya mshazari, mfano ulioharibiwa wa watu wa Asia ambao, kwa macho ya Wazungu, aliwaona hawavutii zaidi. Aliongeza yale maneno ya "kwa Wazungu," na baadhi ya wasomaji humtetea kwa ajili yake. Mimi nadhani maneno hayo yanaonyesha kwamba alijua anachokifanya. Hata hivyo simwiti mtu mbaya. Alichukia ubaguzi wa Manazi waziwazi, na barua zake zinathibitisha hilo pia. Ninachosema ni kwamba alipotaka kumchora adui asiyehurumiwa, mkono wake ulikwenda kwenye ngozi za watu halisi. Wangu pia ulikwenda huko, chini ya balbu ya hosteli, na ngozi yenyewe ni yangu.

Kutoka vitabuni, goblini alivuka hadi mezani Marekani. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya Zama za Kati zilizoitwa Chainmail, na mwishoni wakaweka sura ya majoka, wachawi na magoblini. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons. Kitabu cha viumbe vya mchezo huo, cha mwaka 1977, kinaeleza rangi ya goblini waziwazi: kuanzia manjano, kupitia rangi ya chungwa iliyofifia, hadi wekundu wa tofali. Orki ni kahawia, au kahawia yenye kijani. Kwa hiyo miaka 40 baada ya *The Hobbit*, ukifuata kitabu hicho, ungewapaka kama udongo wa Kampala wakati wa kiangazi.

Je, kijani kilikuwa wapi? Kilikuwa kwenye katuni za Marekani, kwa sababu nyingine kabisa. Hulk alitoka mwaka 1962 akiwa kijivu, lakini kiwanda cha uchapaji kilishindwa kutoa kijivu kimoja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na katika toleo la pili akabadilishwa kuwa kijani. Mwaka 1964 adui mpya wa Spider-Man akaitwa Green Goblin. Sina haja ya kudai kwamba wachongaji wa Uingereza waliiga katuni hizo. Inatosha kuona kwamba kijani kilikuwa tayari rangi ya kiumbe asiye mtu, na kwamba sababu mojawapo ilikuwa wino.

Sasa tufike Nottingham, ambako boksi langu lilitoka. Kampuni ya Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, na miaka michache baadaye ikashirikiana na Bryan Ansell kuanzisha Citadel Miniatures, kiwanda cha sanamu, katika mji wa Newark, si mbali na Nottingham. Mwaka 1983 Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley walitoa Warhammer. Sababu ya kibiashara ilikuwa wazi: mchezaji wa Dungeons & Dragons anahitaji sanamu chache tu, lakini mwenye jeshi anahitaji mamia. Na jeshi linalohitaji mamia kuliko yote ni la magoblini, kwa kuwa mmoja mmoja hana thamani. Kevin Adams, mchongaji wa Citadel, aliwapa zile pua na yale masikio ambayo wachezaji huyatambua hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado ungekuta magoblini wa rangi mbalimbali. Kufikia mwisho wa miaka hiyo mjadala ulikuwa umekwisha: kijani, tena kijani kikali. Citadel waliuza pia rangi, na mojawapo iliitwa Goblin Green. Mwaka 1992, toleo la nne la Warhammer lilitoka likiwa na majeshi mawili ya plastiki ndani ya boksi moja, maelfu warefu na magoblini, hivyo kila mvulana aliyelinunua alikuwa na magoblini wa kupaka. Miaka miwili baadaye mchezo wa kompyuta wa Warcraft ukaja na maorki wa kijani, na kutoka kwenye kompyuta kijani kikaendelea hadi kwenye simu za wadogo wa mwenzangu kule Bukavu. Jambo ambalo "kila mtu anajua" lina umri mdogo kuliko mama yangu.

Kuna kitu kidogo hapa kilichonifurahisha. Katika miaka ya 1990 desturi ya wapakaji wa Nottingham ilikuwa kupaka vibao vya chini vya majeshi yote, hata ya wanadamu, kwa rangi hiyohiyo ya Goblin Green, kuwakilisha nyasi. Picha za wakati huo zinaonyesha askari watanashati wakiwa wamesimama juu ya ngozi ya adui yao. Mwaka 2012 kampuni ilibadilisha rangi zake zote na jina Goblin Green likaondoka dukani, lakini wachezaji wa zamani bado wanalitaja kama watu wanavyotaja mtaa waliokulia.

Hoja yangu, basi, ni hii. Kijani kilimtoa goblini kwenye ngozi za watu. Hakuna taifa la kijani. Mtoto wa Nairobi au wa Seoul anaweza kumwangusha goblini wa kijani bila kumwona babu yake akianguka, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa Mzulu wa Britains. Sidai kwamba mafundi wa Nottingham walikaa kikao wakaamua hivyo. Walitaka jeshi litakalovutia dirishani mwa duka. Lakini matokeo ya historia hayangoji nia.

Mwalimu aliposoma rasimu yangu ya kwanza aliandika pembeni: "Umewasafisha haraka mno." Alikuwa sahihi, maana nilikuwa nimepuuza masikio. Maorki na magoblini wa Warhammer wana lugha yao, nayo ni Kiingereza cha mitaa ya makabwela wa London, kikiandikwa kwa makosa ya makusudi ili kichekeshe, na tabia zao zinakumbusha wahuni wa viwanja vya mpira wa Uingereza ya miaka ya 1980. Yaani ngozi ilipoacha kufanana na ya watu, ulimi ulianza. Dharau haikufutwa, ilihamishwa kutoka ng'ambo ya bahari hadi mtaa wa jirani. Tofauti, na nadhani ni tofauti kubwa, ni kwamba safari hii waliochekesha walikuwa wakijichekesha wenyewe pia. Wachezaji wengi huchagua jeshi la magoblini kwa mapenzi, wakijua litashindwa. Sijasoma popote kuhusu mtoto aliyechagua Wazulu wa Britains kwa namna hiyo.

Nirudi mezani kwangu. Sikuwa nimenunua kijani, lakini nilikuwa na manjano na nyeusi, na aliyewahi kuchanganya rangi anajua kwamba manjano ikitiwa nyeusi kidogo haiwi chafu tu, inakuwa kijani cha zeituni. Nikaongeza bluu kidogo kwa walioko mbele. Katika ukubwa wa milimita 10 goblini hana uso wa kupakwa. Ana pua, na pua ikipata nukta moja ya rangi nyepesi, jicho la mtazamaji linamalizia uso wenyewe. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumpaka kila mmoja kama picha ya pasipoti. Ukimwinua karibu na jicho anapendeza, ukimweka mezani na kurudi nyuma hatua moja anageuka doa jeusi. Lazima rangi ziwe kali kuliko ukweli, na kikosi kipakwe kama kitu kimoja: ngozi zote kwanza, halafu nguo zote, halafu mikuki yote. Mwisho brashi karibu kavu inapitishwa juu juu, ili weupe ushike kwenye ncha za pua na masikio tu. Kazi ya kipande kimoja ilishuka kutoka saa moja hadi dakika 20.

Wale 30 wa kwanza sikuwaosha, maana sikuwa na dawa ya kuondoa rangi. Niliwapaka kijani juu ya kahawia. Kwa bahati kahawia ilibaki kwenye mikunjo, chini ya kidevu na kati ya vidole, ikawa kivuli. Hao ndio walipendeza kuliko wote, na nilipofika kwenye vipande vilivyobaki nililazimika kuanza na kahawia kwa makusudi.

Nilipowabandika watu kumi kumi kwenye vibao vya sentimita 4 kwa 2 nilipata vibao 18, vinavyotosha vikosi sita. Mwenzangu aliomba vibao vitatu vya mwisho awe navyo yeye, hakutaka kijani. Alikuwa amesoma rasimu yangu, akawapaka wekundu wa tofali kama kitabu cha 1977 kilivyoagiza, na meno ya manjano. Jumamosi tulipanga kamusi mbili ziwe vilima, tukatumia rula ya mdogo wangu na dadu za ludo. Vibao vyake vya tofali vilipaswa kuwa upande wangu, lakini kufikia saa nne usiku tulikuwa tumegombana kuhusu nani anaongoza, na vikawa vinanishambulia.